Kuchagua mbao mbadala za kuundia mtumbwi na kayaki

Ukifungua mchoro wa kayaki ya mbao, mara nyingi orodha ya vifaa inaanza na mwerezi mwekundu wa Amerika ya Kaskazini, Thuja plicata, kwa ajili ya ganda. Ukingo unatajiwa mti wa ashi, kafi inatajiwa sprusi, na kama chombo ni cha plaiwudi basi plaiwudi yenyewe ni ya okume kutoka Gabon. Mchoraji alitaja miti hiyo kwa sababu ndiyo iliyouzwa karibu naye, na hakuna hata mmoja ulio wa lazima. Ganda linahitaji mbao nyepesi, iliyonyooka, kavu na inayokamata gundi. Sifa hizo zimo ndani ya miti mingi, ikiwemo ile iliyopandwa kwa ajili ya mbao za paa. Kazi yako ni kuzipima kwa mikono yako mwenyewe kabla hujalipia mbao zote.

Amua kwanza namna ya kuunda

Namna ya kuunda ndiyo inayoamua mti, si kinyume chake.

Chombo cha papi huundwa kwa vipande vyembamba vya mbao, unene wa mm 6 na upana wa mm 18 au 19, vinavyogundishwa ubavu kwa ubavu juu ya fomu (kalibu yenye umbo la chombo). Baadaye ganda lote huvikwa kitambaa cha faiba (nyuzi za kioo) na epoksi (gundi ya vimiminika viwili vinavyochanganywa), ndani na nje. Ganda likipigwa na mawimbi, vitambaa viwili ndivyo vinavyobeba mvuto na mkandamizo. Mbao iliyo katikati inavitenganisha na kulipa ganda unene. Ndiyo maana mbao dhaifu kiasi inafaa hapa. Hata uimara dhidi ya kuoza hauna uzito mkubwa, kwa kuwa maji hayaifikii mbao mpaka kitambaa kitobolewe.

Kayaki ya fremu na turubai ni kinyume. Haina ganda la mbao: ina miti mirefu ya ukingo, papi za urefu na mataruma (mbavu za chombo) yaliyopindwa, na kila kipande kinabeba mzigo wake peke yake. Wainuiti waliunda kayaki kwa magogo yaliyoletwa ufukweni na bahari, katika nchi isiyo na misitu, wakazivika ngozi ya sili. Hawakuwa na nafasi kubwa ya kuchagua aina ya mti; walichagua kipande. Kwa fremu, jicho moja (fundo lililoachwa na tawi) mahali pabaya ni hatari kuliko mbao nzima ya aina isiyotajwa kwenye mchoro.

Chombo cha plaiwudi ya kushona, ambacho karatasi zake hushonwa kwa waya kisha hugundishwa, hutumia karatasi za mm 4 kwa kayaki na mm 4 hadi 6 kwa mtumbwi. Hapo hununui mti, unanunua gundi na uaminifu wa kiwanda, na majaribio yake ni mengine, yapo mbele.

Uzito: hesabu ndogo inayoondoa hofu kubwa

Watu wengi huachana na mbao za karibu kwa kuogopa uzito bila kupiga hesabu. Chukua mtumbwi wa mita 5. Ganda lake lina eneo la mita za mraba 5 hivi. Kwa papi za mm 6, hiyo ni mita za ujazo 0.03 za mbao. Mwerezi mwekundu una uzito wa kilo 370 hivi kwa mita ya ujazo, kwa hiyo ganda linachukua kilo 11. Mbao ya kilo 500 kwa mita ya ujazo inatoa ganda la kilo 15. Mbao ya kilo 650 inatoa kilo 19.5.

Kati ya mwerezi uliosafirishwa kuvuka bahari na paina nzuri ya hapo ulipo, tofauti ni kilo 4. Na unaweza kuipunguza: randa papi mpaka mm 5, na ganda la paina linashuka hadi kilo 12.5. Gharama ya kupunguza unene ni ukakamavu. Ubao mtupu wa mm 5 una asilimia 58 tu ya ukakamavu wa ubao wa mm 6 wa mti uleule. Ukiwa na kitambaa pande zote mbili hasara inakaribia theluthi. Mbao nzito kwa kawaida ni kakamavu zaidi, hivyo inarudisha sehemu ya kilichopotea. Usianze na papi nyembamba kuliko mm 5, kwa sababu kupiga msasa kutakula hadi nusu milimita, na pale ulipokandamiza zaidi kutakula zaidi.

Mipaka inayofaa kwa ganda la papi ni hii. Chini ya kilo 450, tumia mm 6 bila wasiwasi. Kati ya 450 na 550, tumia mm 5. Juu ya 600, iache mbao hiyo kwa ukingo, hanamu (mti wa mbele ya chombo) na mistari ya mapambo. Nayo mbao iliyo chini ya kilo 300, kama paulonia au msufi, ina tabu yake: inabonyea kwa kidole gumba, kwa hiyo jiwe dogo linavunja kitambaa kwa kuwa chini yake hakuna kinachokishikilia. Ukiitumia, weka tabaka mbili za kitambaa upande wa nje wa sakafu ya chombo, na ujue kuwa mbao yenye vitundu vikubwa hunywa epoksi, ukarudisha sehemu ya uzito uliodhani umeuokoa.

Kupima bila maabara

Kata kipande cha mm 100 kwa 50 kwa 20, pande zake zikiwa zimenyooka. Ujazo wake ni sentimita za ujazo 100. Kipime kwenye mizani ya jikoni inayoonyesha gramu, kisha zidisha gramu mara 10: kipande cha gramu 46 ni mbao ya kilo 460 kwa mita ya ujazo. Kama huna mizani, chonga kijiti cha sentimita 30 chenye unene uleule kote, kitumbukize wima ndani ya bomba jembamba lenye maji na uweke alama haraka pale maji yanapofika. Kikizama sentimita 14, gawa 14 kwa 30: ni 0.47, yaani kilo 470. Fanya upesi, maana kijiti kikinywa maji kinadanganya.

Pima vipande kutoka mbao kadhaa, si mmoja. Mti mmoja uliokua haraka huwa na mbao nyepesi na dhaifu karibu na moyo wake na mbao nzito karibu na gome, na tofauti hiyo inaweza kupita tofauti kati ya aina mbili za miti. Ukichanganya mbao hizo kwenye ganda moja, msasa utachimba zile laini na kuziacha ngumu zimesimama, na hutakuja kulisawazisha ganda hilo.

Kipande hichohicho kinakupa unyevu. Kiweke kwenye oveni ya nyuzi joto 100 hadi 105, kipime kila baada ya saa moja mpaka uzito usibadilike. Toa uzito mkavu kwenye uzito wa kwanza, gawa jibu kwa uzito mkavu, zidisha kwa 100. Gramu 46 zikiwa 40.5, unyevu ni asilimia 13.6. Kwa epoksi unataka asilimia 12 au chini yake. Mbao mbichi ikifungiwa chini ya faiba hufanya mambo matatu: gundi haishiki vizuri, papi hunywea na kuacha nyufa kati yake, na unyevu usiokuwa na pa kutokea unaacha madoa meusi. Kuvu wa kuozesha huhitaji unyevu wa asilimia 20 hivi na zaidi; usimtengenezee nyumba.

Kanuni ya zamani ya maseremala ni kukausha ubao mwaka mmoja kwa kila mm 25 za unene. Kwa papi kuna njia fupi na bora: pasua papi za mm 8 zingali na unyevu kidogo, zipange kivulini kwa tabaka zenye vijiti vya kutenganisha kila sentimita 40, weka uzito juu, pakaa rangi kwenye ncha ili zisipasuke, na uziache wiki tatu au nne. Papi nyembamba hukauka haraka, zenye hila zinajipinda mapema ukazitupa, na zilizobaki unaziranda hadi kipimo cha mwisho zikiwa zimetulia.

Nyuzi, macho na moyo wa mti

Kosa la kawaida dukani ni kuangalia uso wa ubao peke yake. Ubao unaweza kuonekana umenyooka usoni huku nyuzi zake zinatoka ubavuni, na papi iliyopasuliwa hapo itavunjika utakapoipinda. Dondosha tone la wino wa maji kwenye ubavu na usoni: wino husambaa kufuata nyuzi. Au pasua kipande cha mwisho wa ubao kwa patasi na uangalie ufa unakokwenda. Kwa papi, nyuzi zikitoka nje sentimita 1 katika urefu wa sentimita 12 bado zinakubalika. Kwa ukingo, mataruma na mpini wa kafi, dai 1 kwa 20.

Macho madogo yaliyoshikana, yasiyozidi mm 5, hayadhuru papi. Jicho lolote lenye duara jeusi kuzunguka litadondoka. Likate na uunge papi hapo.

Angalia pia kichwa cha ubao, pale pete za ukuaji zinapoonekana. Ubao ambao pete zake zimelala sambamba na uso, ule ambao maseremala wengi huuona wa daraja la chini kwa samani, ndio unaokufaa. Ukiupasua kuwa papi, kila papi unailaza ubavu, na pete zinakuwa zimesimama wima kwenye uso wake. Papi za namna hiyo hazitanuki sana kwa upana, na msasa unazila sawasawa. Mbao hunywea kwa kufuata mzunguko wa pete karibu mara mbili ya inavyonywea kutoka moyoni kwenda gomeni, kwa hiyo mpangilio huu peke yake unaweza kuifanya mbao ya kawaida ikae kama mbao ya bei.

Kataa ubao wenye moyo wa mti ndani yake. Kwenye miti mepesi ya tropiki, sehemu hiyo mara nyingi ni mbao ya kukatika ovyo, yenye nyufa ndogo za kukandamizwa zilizotokea mti ukiwa bado umesimama. Kataa pia sehemu nyeupe ya nje iliyo na vitundu vidogo na unga mwembamba kama wa ngano: hao ni wadudu wanaofuata wanga, na epoksi haiwaui walio ndani.

Majaribio ya kupinda, kuvunja na kusokota

Nunua ubao mmoja tu kwanza. Upasue papi tatu na uangalie kitu cha kwanza kabisa: zinapotoka kwenye msumeno, zinakaa au zinaruka? Papi inayojikunja mara tu inapoachana na ubao inaonyesha mvutano uliofungwa ndani. Mikaratusi michanga ina tabia hiyo sana, na paina zilizoota kwenye mteremko au kuegemea upande mmoja nazo zinayo. Kupinda kwa sentimita moja au mbili katika mita 4 kunavumilika, kwa sababu fomu itainyoosha. Ikipinda kwa upana wa kiganja, tafuta ubao mwingine.

Kisha vunja papi juu ya goti. Sikiliza na utazame. Mbao nzuri hulia kwanza, halafu hupasuka kwa vibanzi virefu vinavyoachana taratibu. Mbao mbaya hukatika ghafla, kavu, na uso wa mkato unakuwa wa bapa kama karoti. Mbao ya kukatika hivyo isikaribie ukingo wala mpini wa kafi.

Mwisho, bana ncha moja ya papi ya mm 6 kwenye jiriwa na uisokote robo duara katika urefu wa mita 1.2. Karibu na hanamu na fashini (mti wa nyuma ya chombo), papi za chini ya ganda husokotwa karibu kiasi hicho. Papi ikipasuka, jaribu nyingine baada ya kuimwagia maji ya moto kwenye kitambaa kwa dakika tano. Ikipona, mbao inatumika, ila panga muda wa kuzipasha moto papi za ncha na uziache zikauke kabla ya kugundisha. Isipopona, jaribu mm 5, na hiyo nayo ikipasuka tafuta mti mwingine.

Gundi ndiyo mwamuzi wa mwisho

Mbao inaweza kufaulu yote hayo na ikashindwa hapa, kwa hiyo usilipuuze jaribio hili hata kama muuzaji anaapa. Piga msasa namba 80 vipande viwili, vifute vumbi, vigundishe kwa epoksi utakayotumia, uviache siku saba. Viloweke maji siku nzima, kisha vitenganishe kwa patasi. Ukiona uso uliopasuka umejaa nyuzi za mbao zilizong'oka, gundi ina nguvu kuliko mbao, na ndivyo inavyotakiwa. Ukiona epoksi inang'aa upande mmoja na mbao safi upande wa pili, gundi haikushika.

Fanya vivyo hivyo kwa kitambaa: laza kipande chenye upana wa sentimita 5 juu ya ubao, acha mkia wa sentimita 10 usiogundishwa, na baada ya wiki uvute mkia huo kwa koleo. Kitambaa kinapaswa kung'oka na nyuzi za mbao. Kikibanduka kisafi, tafuta sababu. Kwenye mtiki na mvule ni mafuta ya asili: futa uso kwa asetoni kwa kitambaa safi, subiri ikauke, gundisha ndani ya nusu saa kabla mafuta hayajapanda tena. Kwenye paina ni mifuko ya utomvu, na hii haina dawa ya kufuta. Jua litakapopasha ganda utomvu utayeyuka na kuinua faiba kwa malengelenge. Kata sehemu hizo. Sababu nyingine ni randa butu: kisu kilichochakaa hukandamiza na kung'arisha uso badala ya kuukata, na epoksi haiingii. Msasa namba 80 unarekebisha hilo.

Gundi nyeupe ya seremala inatosha kuunganisha papi ubavu kwa ubavu, kwa kuwa faiba itaifunika. Usiitumie kwenye ukingo wala fremu.

Miti yenyewe

Saipresi, Cupressus lusitanica na ndugu zake, ndiyo ningeitafuta kwanza popote ilipopandwa. Ina kilo 430 hadi 500, nyuzi zake zimenyooka, inarandika vizuri, inakamata epoksi na inastahimili kuoza kiasi. Kasoro yake ni macho mengi, kwa sababu matawi yake hayadondoki yenyewe. Tafuta mbao za sehemu ya chini ya gogo kutoka shamba lililopogolewa, na ukubali kuunga papi.

Paina, iwe patula au radiata, huwa kati ya 450 na 550. Inapatikana kwa urefu mzuri na ni rahisi kupasua. Chagua yenye pete za karibu karibu. Zile pana zenye mistari myeusi migumu zinasumbua msasa. Haidumu ikilowana, kwa hiyo kila tundu la skrubu lijazwe epoksi kwanza, likauke, ndipo litobolewe upya. Mara nyingi hupata madoa ya buluu baada ya kukatwa. Hayo ni ya rangi tu, hayapunguzi nguvu.

Sedrela, Cedrela odorata, mti wa Amerika ya tropiki uliopandwa nchi nyingi za joto, una kilo 400 hadi 480, unanukia, haupendwi na wadudu na umeundia mashua nyepesi miaka mingi. Ukiupata mkavu, usiuache. Podo ina kilo 500 hivi na nyuzi laini zisizo na pete za kuonekana, nzuri kwa papi, lakini inaoza upesi ikiachwa wazi. Musizi, Maesopsis eminii, ni mwepesi na hukua haraka, ila nyuzi zake hupishana: ukiiranda upande mmoja unanyanyuka mwingine. Kisu kikali, mkato wa nusu milimita kila mpito, na umalizie kwa msasa.

Grevilea inafika kilo 550 hadi 600. Kwa ganda ni nzito kidogo, kwa viti na mbao za kukatiza juu ya mtumbwi inafaa sana. Mtarakwa, Juniperus procera, unadumu ajabu dhidi ya kuoza na wadudu, lakini hupasuka kirahisi. Toboa kila tundu la skrubu kabla, na usiutumie kwa kitu cha kupinda sana.

Mkangazi, mninga, mvule na mtiki ni mbao za heshima, na kwa sababu hiyohiyo zitumie kidogo: ukingo, hanamu, ubao wa kulinda mkuku (uti wa chini ya chombo). Mninga hasa hautikisiki kwa unyevu. Tangu mkutano wa 2022 wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, mkangazi na mninga wa Afrika vimo kwenye Kiambatisho chake cha II, kwa hiyo kuvivusha mpaka kunahitaji kibali. Dai karatasi za uhalali hata ununuapo ndani ya nchi. Mvule una mawe madogo ya chokaa ndani ya mbao yanayovunja meno ya msumeno, na vumbi lake huwasha ngozi na kifua. Vaa barakoa nzuri, na si kwa mvule tu: vumbi la mwerezi mwekundu wenyewe linajulikana kwa kusababisha pumu.

Mwembe una kilo 550 hadi 700, hauchukui nafasi ya papi, na hushambuliwa haraka na wadudu na kuvu. Mkaratusi uwe wa ubao wa kulinda mkuku tu, mkavu kabisa.

Rangi nayo ni suala la kiufundi. Ganda la mbao nyeusi juani hupata joto jingi, na epoksi za kawaida zilizokauka kwa joto la chumba huanza kulainika karibu nyuzi 50 hadi 60. Kama chombo kitalala juani, chagua mbao ya rangi hafifu kwa upande wa juu.

Ukingo, mataruma na kafi

Ukingo unataka kilo 500 hadi 700, nyuzi ndefu na kushika skrubu. Ubao wa mm 18 kwa 20 ndio wa kawaida kwa mtumbwi. Mbao fupi si kikwazo: unga kwa mkato wa mshazari wenye urefu mara 8 ya unene, yaani ubao wa mm 18 una mshazari wa mm 144, na usiweke muungo pale ukingo unapopinda zaidi.

Mataruma ya kupinda kwa mvuke yatoke kwenye mbao mbichi iliyopasuliwa kufuata nyuzi, si iliyokaushwa kwa tanuru. Mvuke ni saa moja kwa kila mm 25 za unene, hivyo taruma la mm 8 ni dakika 20. Ukizidisha sana mbao inadhoofika. Ukilitoa, una sekunde chache za kulipinda. Laza pete sambamba na uso mpana. Mforosadi hupindika vizuri, ndiyo maana umetengenezewa magongo ya hoki. Mti wako ukikataa mvuke, gundisha tabaka tatu za mm 2.5 juu ya kalibu; ni kazi zaidi lakini hakuna mti ulionyooka unaoshindwa.

Kafi iwe na mpini wa saipresi au podo isiyo na jicho hata moja, na ncha ya bapa iliyozungushiwa ukanda wa mbao ngumu.

Plaiwudi

Alama ya BS 1088 ndiyo ya plaiwudi ya baharini, lakini alama huchapwa na yeyote, kwa hiyo jaribu. Chemsha kipande cha sentimita 10 kwa saa 4, kikaushe kabisa, kichemshe tena saa 4. Tabaka likiachana, hata kwa kucha, karatasi hiyo haifai. Kata kipande kingine katikati ya karatasi na utazame ubavu: uwazi ndani ya tabaka la kati ni mahali paneli itakapovunjika ikipindwa. Hesabu na tabaka: mm 4 yenye tabaka tatu zinazokaribiana unene ni bora kuliko yenye ngozi mbili nyembamba kama karatasi zilizobandikwa juu ya tabaka moja nene, kwani ngozi hizo zinaisha kwa msasa wa kwanza.

Kiasi cha kununua na kupasua

Papi ya mm 19 yenye ubavu wa mviringo na ubavu wa mfereji hufunika mm 16 tu. Kwa ganda la mita za mraba 5 unahitaji mita 312, na kwa kuharibika ongeza asilimia 15: mita 360. Ubao wa mm 19 kwa 200 ukipasuliwa kwa msumeno wenye mkato wa mm 2 unatoa papi 25 za mm 6. Mbao tatu za mita 5 ni mita 375, na zinatosha barabara. Kwa msumeno wa mkato wa mm 3.2 kila ubao unatoa papi 21, na mbao tatu hazitoshi tena. Ukitaka kuranda baada ya kukausha, pasua mm 8 na uhesabu mbao nne, tano ukitumia msumeno mnene.

Kabla ya kupasua, chora mstari wa mshazari kwa penseli usoni mwa kila ubao, kutoka pembe hadi pembe, na uandike namba yake kichwani. Papi zikichanganyika, mistari itakurudishia mpangilio. Zilizotoka jirani kwenye ubao mmoja zigawe, moja kushoto na moja kulia, ili rangi na ukakamavu vilingane pande zote mbili za chombo. Ganda ambalo upande mmoja ni wa mbao nzito na mwingine mwepesi litajivuta likitolewa kwenye fomu, na hanamu itaangalia kando.